Picha Moja, Nyekundu Tatu

Gauni lilikuwa jekundu, hapo hatukubishana.

Tumekaa mi na jamaa yangu ambaye huwa tunapiga naye picha, mezani kuna laptopu yangu, pembeni kuna monita yake, katikati simu imelala chali, zote tatu zimefungua picha ileile ya dada aliyesimama dirishani na gauni refu. Kwenye laptopu ile nyekundu imepauka, inaelekea rangi ya tofali. Kwenye monita inawaka mpaka mikunjo ya kitambaa imemezwa, gauni zima limekuwa doa moja. Kwenye simu iko vizuri kiasi, ila ukiikazia macho unaona ka-zambarau kwa mbali.

"Sasa kaka, ipi ndo yenyewe?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikaufunga.

Jamaa hakuwa anauliza kifalsafa. Alikuwa anataka kununua monita mpya ya kueditia, ameshajichagulia kabisa, ana orodha, ana namba zote kichwani, asilimia hizi, hertzi zile, inchi ngapi, na alichokuwa anakitaka kwangu ni baraka tu. Lakini lile swali lililomtoka bila kupanga ndo likanikaa wiki kadhaa. Kila nikifungua picha nalikuta pale linanisubiri. Maana ukikaa ukalifikiria unagundua tunapochagua skrini huwa tunauliza ipi ina rangi nyingi, ipi kubwa, ipi inang'aa. Ipi inasema ukweli, hiyo hatuulizi. Na hata tukiuliza, tutajuaje?

## Namba za kwenye boksi

Tuanze na asilimia, maana hapo ndo watu wanachanganywa zaidi.

Kwenye boksi la monita utakutana na sRGB, Adobe RGB, P3, na siku ikiwa mbaya utakutana na NTSC. Hayo yote ni maeneo ya rangi, yaani mtu kachora mpaka akasema kuanzia hapa mpaka pale ndo rangi tutakazoshughulika nazo. sRGB waliileta HP na Microsoft mwaka 1996, wakaangalia monita za wakati ule zinaweza kutoa nini wakasema basi hicho ndo kiwe kiwango cha wote, na mpaka leo picha isiyojitaja ni ya eneo gani programu nyingi zinaichukulia kuwa sRGB. Adobe RGB ni ya 1998, yenyewe imetanuka sana upande wa kijani na ile bluu iliyochanganyika na kijani, kwa sababu printa nzuri zinaweza kutoa rangi za huko ambazo sRGB haizifikii. P3 imetokea kwenye sinema za kidijitali. Apple walipoiweka kwenye iMac mwaka 2015 na kwenye iPhone 7 mwaka uliofuata ndo ikaingia mifukoni mwa watu.

Sasa kuna mchoro wa mwaka 1931, wa tume inayoitwa CIE, unaoonyesha rangi zote ambazo jicho la binadamu linaziona. Ukiyaweka haya maeneo juu yake, sRGB inashika kama asilimia 35 tu, Adobe RGB inafika kama 50. Ukisikia hivyo unasema aah, basi nichukue kubwa, kuna nini tena cha kujadili.

Subiri kwanza.

Jamaa yangu alikuwa ameipenda monita moja iliyoandikwa "sRGB 125%". Nikamuuliza asilimia 125 ya kitu inakuwaje, akasema si ni zaidi ya zote. Hapana. Hapo wamepima ukubwa wa eneo la rangi la ile monita wakalinganisha na ukubwa wa sRGB, basi. Eneo linaweza kuwa kubwa kwa jumla huku limeegemea upande mmoja, na kipande fulani cha sRGB kikabaki nje. Unachotakiwa kujua ni monita inafunika kiasi gani cha sRGB, na hicho hakiwezi kuvuka 100 hata wafanyeje. Ukiona imevuka ujue umejibiwa swali ambalo hukuuliza.

NTSC ndo kichekesho kabisa. Hicho ni kiwango cha TV za rangi za Marekani cha mwaka 1953, hakuna mtu anaediti picha kwa NTSC, lakini bado wanakiandika. Cha kukumbuka ni hiki: NTSC 72% ukubwa wake ni kama sRGB nzima. Na NTSC 45%, ambayo utaikuta kwenye laptopu kibao za bei ya chini, ni kama asilimia 60 na ushee ya sRGB. Laptopu yangu ni ya kundi hilo. Nyekundu yake ya mwisho kabisa ni hiyo ya tofali, haina nyingine ya kutoa, hata uisukume vipi.

## Nyingi halafu hazina msimamizi

Mpaka hapo bado nilikuwa upande wa jamaa. Laptopu ina rangi chache, ndo maana inapauka, monita yake ina rangi nyingi, ndo maana inawaka, kwa hiyo twende kwenye nyingi. Kilichonigeuza ni ile mikunjo ya gauni.

Kama monita yake ilikuwa na rangi nyingi zaidi, mbona ilionyesha vitu vichache zaidi?

Ndani ya faili ya picha rangi ni namba tatu tu. Nyekundu ya mwisho kabisa ni 255, 0, 0. Na hiyo namba haisemi nyekundu ipi, inasema tu "toa nyekundu yako yote". Monita ya sRGB itatoa ya kwake, monita pana itatoa ya kwake ambayo imekolea zaidi, laptopu yangu masikini nayo itatoa hicho ilichonacho, na zote tatu zitakuwa zimetii amri. Hakuna iliyoasi. Zimepewa tu amri ambayo haijakamilika.

Kinachoikamilisha ni profaili. Hii kazi imesimamiwa na kundi linaloitwa ICC tangu mwaka 1993. Faili inabeba maelezo kwamba namba zangu ni za sRGB, au za Adobe RGB, monita nayo inakuwa na maelezo yake kwamba mi nyekundu yangu inaishia hapa, halafu programu inakaa katikati inapiga hesabu. Faili ikitaka nyekundu ya sRGB na monita ni pana, programu inaiambia monita usitoe yote, punguza kidogo. Photoshop inafanya hiyo hesabu. Lightroom inafanya. Shida ni kwamba programu zingine kibao hazifanyi, ile ya kuangalizia picha haraka haraka, ya kuchatia, zile nyepesi za bure, zenyewe zinachukua namba zinaitupa kwenye skrini kama ilivyo. Na ukiwa na monita pana kila kitu kinachopita hapo kinatiwa chumvi. Uso unaiva, majani yanakuwa ya plastiki, na mikunjo ya gauni jekundu ambayo tofauti zake zilikuwa ndogo huko juu karibu na mwisho inapigana kikumbo mpaka huioni tena.

Jamaa alikuwa ameifungua ile picha kwenye programu ya namna hiyo. Tulipoifungua Lightroom mikunjo ikarudi, si yote, ila ikarudi.

Kwa hiyo monita pana sio mbaya, sitaki mtu anielewe vibaya. Ukiwa unaprinti kazi zako kwenye karatasi nzuri na printa nzuri, Adobe RGB ina maana, kuna bluu za bahari na kijani za msituni ambazo zipo kwenye faili na printa inaziweza lakini kwenye monita ya sRGB huzioni, unaediti kwa kubahatisha. Ila kama kazi zako zote zinaishia kwenye simu za watu, upana huo unakuongezea kazi ya kuusimamia, na kila siku utabaki unajiuliza hii nyekundu ni ya picha au ni ya monita.

Sawa, wengi watasema monita pana nyingi zina modi ya sRGB, unabonyeza inajibana yenyewe. Kweli. Lakini naomba niseme kitu hapa maana kinaniudhi: kwenye monita kadhaa ukiwasha hiyo modi wanakufungia na kitufe cha mwangaza! Yaani umepata rangi sahihi kwa sharti usiguse mwangaza. Nani alikaa kwenye kikao akaamua hivyo sijui.

Na mwangaza ndo kila kitu.

## Kitufe ambacho hakiuzwi

Ningeambiwa niandike sehemu moja tu ya haya yote ningeandika hii.

Monita mpya ukiitoa kwenye boksi inakuja imepandishwa mwangaza karibu mpaka mwisho, kwa sababu imetengenezwa ishindane na zingine zilizopangwa dukani chini ya taa kali. Boksi linajisifu niti 300, niti 350, niti ikiwa ndo kipimo cha mwangaza wa skrini. Sasa sRGB yenyewe walipoiandika walifikiria skrini ya niti 80 kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Watu wanaoprinti wengi wanakaa kati ya 80 na 120. Kwa hiyo we unaediti kwenye mwangaza mara tatu ya ule unaotakiwa, halafu picha ikitoka kwenye karatasi unasema printa yao mbovu, wamenitolea picha giza. Lawama za picha giza nyingi sana zinaishia kwa watu wa printa na hawana kosa lolote.

Inakuwaje? Macho yanapima kila kitu kwa kulinganisha na nyeupe ya skrini. Nyeupe ikiwa kali sana picha nzima inaonekana imefunguka, unaona imezidi mwanga, unaishusha. Unachoshusha ni namba kwenye faili. Monita haijabadilika, faili ndo imekuwa giza, na karatasi haina taa ndani yake ya kukuokoa.

Kwetu tunaopiga watu weusi hii inauma zaidi, na sijui kwa nini haisemwi. Uso mweusi kwenye picha kazi yake kubwa iko upande wa chini wa histogramu, ule mchoro unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani. Upande wenye kivuli wa shavu unaweza kukaa kwenye 30 au 40 kati ya 255, na hapo ndo kuna umbo la uso, mstari wa taya, mng'ao mdogo chini ya jicho. Tupige hesabu kidogo. Kwa gama, yaani ile kanuni ya kugeuza namba kuwa mwangaza, ya 2.2 ambayo ndo ya kawaida, namba 30 inatoa kama asilimia 0.9 ya mwangaza wa nyeupe. Kwenye skrini ya niti 300 hiyo ni kama niti 2.7, unaiona vizuri tu, unasema kivuli kina maelezo, safi, twende. Kwenye skrini ya niti 100 ni 0.9, na mtu akiangalia kwenye chumba chenye mwanga wa dirisha linalopiga kioo, ile sehemu imekwenda. Shavu limeungana na ukuta wa nyuma. We uliona uso mzima, yeye kaona nusu.

Picha ya harusi ina gauni jeupe na suti nyeusi na nyuso mbili nyeusi, na vyote vinne vinataka nafasi kwenye skala hiyohiyo. Anayeniambia atachagua wapi pa kuweka vile vivuli kwenye skrini ya niti 350, namuonea huruma tu.

Na kurekebisha ni bure. Chukua karatasi nyeupe tupu, iweke pembeni ya skrini chini ya mwanga ambao kawaida ungeangalizia picha iliyoprintiwa, fungua dokumenti nyeupe, halafu shusha mwangaza mpaka skrini na karatasi zifanane. Mara ya kwanza utaona skrini imekufa. Vumilia, macho yanazoea haraka kuliko unavyodhani.

## Paneli, kwa haraka

Paneli ndo kile kioo chenyewe kinachotoa picha, na TN, VA, IPS na OLED ni aina zake. TN achana nayo kwa kazi hii, ukiinua kichwa kidogo kivuli kimebadilika, ukishuka kimebadilika tena, sasa utaediti ukiwa umekaa vipi. VA ina weusi mzuri, kontrasti yake, yaani tofauti ya nyeupe na nyeusi, mara nyingi ni kama 3000 kwa 1 wakati IPS ya kawaida iko kwenye 1000 kwa 1, lakini VA vivuli vyake vinabadilika kidogo kutoka katikati ya skrini kwenda pembeni, na kwa sababu nilizosema hapo juu vivuli ndo siwezi kuvichezea. IPS weusi wake ni kijivukijivu ukizima taa, ila ukihama kiti rangi inabaki palepale. OLED haina taa ya nyuma, kila pikseli inajiwakia yenyewe, nyeusi yake ni nyeusi kwelikweli na mtu akiiona mara ya kwanza anapagawa. Mi wasiwasi wangu ni mmoja: programu za kueditia zina vibao vilevile vimekaa palepale siku nzima, mwaka mzima, na OLED ikionyeshwa kitu kimoja muda mrefu inaweza kubaki na alama yake. Wametengeneza njia za kupunguza hilo. Kupunguza.

Mi niko IPS na sina ugomvi na wengine.

## Pikseli na lile jambo la 4K

Hapa nilibadilisha mawazo mara mbili na huenda nikabadilisha tena.

Inchi 24 ya 1920 kwa 1080 inakupa kama pikseli 92 kwa kila inchi. Inchi 27 ya 2560 kwa 1440 ni kama 109. Inchi 27 ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ni 163. Namba inapanda, picha inazidi kulainika, maandishi yanapendeza, macho yanapumzika. Nani asitake?

Lakini ukiwa unakagua ukali wa picha unaikuza mpaka asilimia 100, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, na kwenye 4K ya inchi 27 hizo pikseli ni ndogo sana, kwa hiyo chengachenga zinajificha, na ukali ambao umezidi unaonekana wa kawaida. Unaongeza ukali tena. Mtu mwenye skrini ya pikseli kubwa akifungua anaona kope zimesimama kama waya. Upande wa pili nao una hoja: picha ya megapikseli 24 ni 6000 kwa 4000, 4K yenyewe ni megapikseli 8.3 tu, 1440 ni 3.7, kwa hiyo kwenye 4K unaona sehemu kubwa zaidi ya picha yako kwa mpigo bila kuhangaika kusogeza huku na huku. Wanaofanya mandhari wanaijua raha hiyo.

Mwisho nikaamua kwamba hili ni jambo la raha zaidi kuliko la usahihi. Kama pesa ipo, chukua 4K, ila zoea kukagua ukali kwenye asilimia 200. Kama pesa ni ya kubana, 1440 kwenye inchi 27 inatosha kabisa, na kinachobaki kina sehemu nzuri zaidi ya kwenda.

## Kile kidude

Hicho kinachobaki kinunue kifaa cha kupimia rangi.

Ni kidude kidogo kinaning'inia mbele ya skrini kwa waya. Spyder ya Datacolor ni mojawapo, wengine ni Calibrite ambao waliichukua ile familia ya i1Display iliyokuwa ya X-Rite. Unaiacha skrini iwake kama nusu saa ipate moto, unakining'iniza, programu inatoa rangi moja baada ya nyingine, kidude kinasoma kilichotoka kweli, halafu inatengeneza profaili ya skrini yako wewe, hiyohiyo iliyo mbele yako, sio ya modeli yake. Nyeupe unailenga D65, yaani nyeupe ya mwanga wa mchana, ambayo ni kama kelvini 6500, gama 2.2, mwangaza tumeshazungumza. Programu za bure zipo, ArgyllCMS na DisplayCAL iliyojengwa juu yake.

Huko nyuma nilikuwa naona ni mambo ya watu wa studio kubwa. Sasa hivi naona kinyume, mwenye monita ya bei ya chini ndo anakihitaji zaidi. Monita bila kupimwa ni mizani ambayo hakuna aliyewahi kuweka jiwe la kilo moja juu yake, inaweza kuwa sahihi, inaweza kuwa imezidi, we unauza tu.

Niliazima kimoja nikapima monita ya jamaa. Ilikuwa na ubluu, sio kidogo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Tulipoibadilisha kwenda profaili mpya akasema imekuwa njano, imeharibika. Nikamwambia iache, nenda kaoge, rudi. Aliporudi akaniambia umeshairekebisha eeh? Sikuwa nimegusa kitu.

Watasema kuna monita zinakuja na karatasi ya kiwandani imeandikwa Delta E chini ya 2. Delta E ni umbali kati ya rangi uliyoomba na rangi uliyopewa, 1 ni kama pale jicho linapoanza kuhisi tofauti, kwa hiyo chini ya 2 ni pazuri sana. Karatasi hiyo ni ya kweli kwa siku ile iliyopimwa. Taa za nyuma zinazeeka, zinabadilika rangi taratibu na we unabadilika nazo bila kujua. Kidude ndo kitakwambia mwaka ujao.

Kidude pia kina mwisho wake. Hakiongezi rangi. Laptopu yangu niliipima pia, nyeupe ikatulia, vivuli vikapata mpangilio, nyekundu ikabaki ya tofali. Na kwenye monita za kawaida marekebisho yanapitia kwenye kadi ya grafiki, ambapo zile ngazi 256 za kila rangi zinaliwa kidogo, unaweza ukaona mistari kwenye anga. Ndo maana watengeneza monita EIZO wana ColorEdge na BenQ wana SW, hizo zinaandika marekebisho ndani ya monita yenyewe. Ukifika kiwango hicho hunihitaji mimi.

## Chumba nacho kinaediti

Hili nalipita haraka ila usiliruke.

Mwaka 1995 Edward Adelson wa MIT alitengeneza picha ya ubao wa miraba, silinda imesimama juu inatupa kivuli, miraba miwili imewekwa herufi A na B. A inaonekana nyeusi, B inaonekana nyeupe, na zote mbili ni kijivu kilekile. Ukiambiwa bado huamini. Ukionyeshwa bado huamini. Sasa hayo ndo macho tunayoyaamini kuchagua toni ya ngozi saa nane usiku, nyuma kuna ukuta wa kijani, umevaa tisheti ya machungwa inayopiga kwenye kioo, na ile modi ya usiku inayogeuza skrini kuwa njano hujaizima.

Izime. Programu iweke mandharinyuma ya kijivu. Dirisha lisiwe nyuma yako wala mbele yako. Basi.

## "Si wataona kwenye simu tu?"

Hili jamaa alinirushia mwishoni na ndo lilikuwa zito kuliko yote. Tunahangaika na D65 na Delta E, halafu mteja anafungua picha kwenye simu iliyopasuka kioo, mwangaza umeshuka mpaka chini anabana chaji, modi ya rangi kali imewashwa. Usahihi wetu unamsaidia nini?

Nilikaa nalo siku kadhaa. Ni kweli simu ya kila mtu inakosea, lakini zinakosea pande tofauti. Hii inazidisha nyekundu, ile inapaukisha, ya tatu ina ubluu. Picha ikitoka kwako ikiwa katikati, makosa yao yanatawanyika kuizunguka, wengi wanaona kitu cha karibu. Picha ikitoka kwako tayari imeegemea upande wa njano kwa sababu monita yako ina ubluu na we ulikuwa unaufidia bila kujua, basi mwenye simu ya njano anaona mgonjwa wa manjano. Kosa lako linaongezwa kwenye la kwake.

Ila nusu ya hoja nilimpa. Kama haprinti, na haprinti, hana sababu ya kulipia Adobe RGB, wala P3 ya asilimia 98. IPS inayofunika sRGB yote, yenye kitufe cha mwangaza kinachofanya kazi, pamoja na kidude tutakachonunua wawili tukawa tunaazimana, inamtosha na chenji inabaki. Na kabla ya kulipa afungue picha ya kijivu tupu ijaze skrini, aangalie kona, maana skrini yenye kona za giza itakufanya uzifungue kona za kila picha kwa tatizo ambalo halimo kwenye picha.

Akakubali. Tukapeana mikono kabisa.

Jana usiku kanitumia picha ya boksi lingine, limeandikwa DisplayHDR 400, lebo ya skrini zinazojisifu kuonyesha tofauti kubwa ya mwanga na giza. Nikamwandikia maelezo marefu, kwamba hizo lebo ni za VESA, kundi linaloweka viwango vya skrini, zilianza 2017, na hiyo ya 400 ndo ya mlangoni kabisa, haidai hata taa ya nyuma iweze kuzimika kwa vipande, kwa hiyo kwa picha zetu haikuongezei kitu, shika tulichokubaliana.

Kasoma. Kakaa kimya kidogo, halafu akajibu: "lakini inang'aa kaka."